Bunduki ya joto karibu itudanganye

Watu wangu, leo hakuna vichekesho.

Mtoto wa dadangu alikuwa na siku tisa alipoanza kukataa kunyonya. Analala tu. Saa tatu usiku, tuko wanne ndani ya bedsita Kayole, na kila mtu ana njia yake ya kupima joto.

Shosho alimwekea mgongo wa mkono kwa paji la uso. "Ni joto kidogo tu, mpunguzieni shuka." Mimi nikatoa ile bunduki ya kupima joto niliyonunua enzi za Korona. Mnanijua na vifaa. Ikasoma 36.4. Nikamwambia dadangu, "Tulia, yuko fiti." Hayo maneno bado yananiuma.

Dadangu hakunisikiza. Alichukua themometa ya dijitali, akaiweka katikati ya kwapa, ngozi kwa ngozi, akashikilia mkono wa mtoto hadi ikalia. 38.1. Akarudia. 38.1.

Hospitalini nesi akapima kwapani pia, akapata hivyo hivyo. Maambukizi kwenye damu. Mtoto alilazwa, akadungwa antibiotiki siku kumi. Sasa amenona, na kelele zake hazituachi tulale.

Nilimuuliza nesi mbona kifaa changu kilidanganya. Akasema kinasoma ngozi tu, so jasho, upepo ama kukishika mbali vinaharibu namba. Mkono wa shosho unaweza kuhisi joto, lakini hauna namba. Cha sikio ngoja miezi sita, tundu la mtoto mchanga ni dogo sana. Kupima kwa nyuma ndiko kunakaribia zaidi joto la ndani, lakini unaweza kumuumiza, waachie wahudumu. Ya zebaki ikivunjika ni sumu. Nyumbani, tumia dijitali kwapani.

Kawaida ni 36.5 hadi 37.5. Mtoto mchanga akipita hapo, ama akishuka chini ya 35.5, ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Na akikataa kunyonya, enda hata kama namba ni poa. Usimpe dawa ukingoja asubuhi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na nimekuwa nikithibitishia kila mtu kwamba najua vitu. Usiku huo ningenyamaza tu.

Bunduki iko chini ya kitanda. Shosho bado hajanicheka. Nadhani anangoja wageni waje.