Fundo lililomtia mzee kidonda

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kipo Tandika, wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Nashona makubazi, mikanda na mikoba ya ngozi. Nashona kwa mkono. Leo nakueleza juu ya kumalizia mshono. Huenda wewe nawe unashona viatu, au ala ya kisu, huko kijijini kwako.

Nilipoanza kazi nilijua kushona, lakini sikujua kumalizia. Nikifika tundu la mwisho nilipiga fundo, nikakata uzi, basi. Fundo lilibaki ndani, pale kisigino kinapokanyaga. Kiatu kilipendeza kwa macho, na wateja walinunua.

Siku moja mzee mmoja, muuza karanga, alinunua jozi. Baada ya majuma matatu alirudi. Mguu mmoja umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama ulichonishonea."

Niliingiza kidole ndani ya kiatu. Fundo langu lilikuwa gumu kama punje ya mtama. Nilishona kwa uzi wa nailoni, na ncha yake niliichoma kwa moto, ikawa kichwa kigumu. Kichwa hicho kilikuwa kimemchimba kisigino.

Mzee huyu ana ugonjwa wa kisukari. Kisukari kikikaa miaka mingi kinaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Mtu hukanyaga mwiba asisikie. Kidonda chake hakiponi upesi. Kikioza, huenda mguu ukakatwa. Ndiyo maana mwenye kisukari hutakiwa kutazama nyayo zake kila siku, na kupapasa ndani ya viatu kabla ya kuvaa. Mzee hakusikia fundo. Aliona damu tu.

Nilimrudishia fedha yake. Tukaenda pamoja zahanati. Kidonda kilisafishwa kwa miezi miwili, na mimi usiku sikulala vizuri. Mguu wa mtu si kitu cha kuchezea.

Sasa nafanya hivi. Kwanza nachora mfereji mwembamba juu ya ngozi, ili uzi ulale ndani yake, usitokeze. Uzi naupaka nta ya nyuki. Natoboa kwa msharasi, kile chuma chenye ncha. Kisha nashona kwa sindano mbili, moja kila mwisho wa uzi, na kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili. Mshono huu ni imara. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili zinazokamatana. Mmoja ukikatika, mshono huweza kufumuka. Huu wa sindano mbili, uzi ukikatika mahali pamoja, sehemu nyingine hushika.

Nikifika mwisho sipigi fundo. Narudi nyuma matundu matatu, nikipita juu ya mshono uleule. Ncha zote mbili nazitoa upande wa chini, kabla sijagundisha soli. Uzi wa pamba naukata karibu kabisa na ngozi. Uzi wa nailoni nauacha kidogo, kama milimita 2. Nausogezea moto ulainike, halafu naukandamiza kwa ubapa wa kisu ulale. Usitumie kidole, utaungua. Mimi niliungua.

Kisha naweka kiatu juu ya jiwe la bapa, nafunika mshono kwa kipande cha ngozi laini, nagonga polepole kwa nyundo. Uso wa nyundo uwe laini, maana wenye makovu huacha makovu.

Mwisho ni ukingo. Naukata kwa kisu kikali, napiga msasa. (Wazee walitumia majani ya mti wa msasa, na jina likabaki.) Naulowesha kwa maji kidogo, nausugua kwa kijiti cha mpingo mpaka ung'ae. Wateja hudhani nimepaka rangi. Lakini kazi hii hukubali ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama ya miwati inayolimwa Njombe. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu haing'ai kwa kusuguliwa. Hiyo naikunja ukingo, nikashona.

Ukitaka kufundishwa zaidi, uliza ofisi ya SIDO mkoani kwako. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

Kabla ya kuuza napitisha kipande cha pamba ndani ya kiatu, kila mahali. Pamba ikinasa, hata unyuzi mmoja, kiatu hakijaisha. Narudi kazini.

Mzee alipopona alikuja tena kibandani. Nilimwonyesha jozi mpya. Hakusema kitu. Aliichukua pamba mkononi mwangu, akaipitisha mwenyewe, kiatu cha kulia mara mbili, cha kushoto mara mbili. Akaitazama pamba juani.

Kisha akauliza bei.