Vitabu vya HW5

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipoanza kazi katika idara ya fedha ya halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma, hesabu zote ziliandikwa kwa kalamu. Kulikuwa na daftari la fedha, daftari la vifungu na majalada ya hati za malipo yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Kila mwisho wa mwezi tulipaswa kulinganisha daftari letu na taarifa ya benki. Ukweli ni kwamba miezi ilipita bila usuluhisho huo kufanyika. Wakaguzi walipotangaza kuja, tulikesha tukiandika kwa mkupuo kazi ya nusu mwaka.

Mapato yalikuwa shida kubwa zaidi. Kila mtendaji wa kata na wa kijiji alipewa vitabu vya stakabadhi, vile vya HW5, vyenye namba mfululizo. Nakala halisi ilikuwa ya mlipaji, na ya kaboni ilibaki kitabuni. Kitabu kikiisha kilitakiwa kurudi makao makuu pamoja na karatasi ya benki, kisha mtendaji apewe kingine. Kwenye karatasi utaratibu huo hauna kasoro. Lakini benki ilikuwa mjini, na kijiji kikiwa mbugani barabara ilikatika tangu Januari hadi Aprili. Mtendaji alikaa na fedha ndani ya nyumba, akanunua mafuta ya pikipiki, akamlipa mgambo, akapokea wageni wa wilaya, na siku ya kuja mjini alileta kilichobaki. Jambo hilo wenyewe tuliliita kutumia fedha mbichi. Wapo walioiba, nami siwatetei. Ila wengi walikuwa watu waliokabidhiwa kazi ya kukusanya bila nauli ya kupeleka, na sijawahi kuona haki katika kuwaweka wote kapu moja.

Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo. Wananchi walipumua, maana kodi ile ilikuwa imewafanya wanaume wazima kukimbilia porini wakimwona mgambo. Sisi ofisini tulibaki na leseni, ada za minada na ushuru wa mazao, pamoja na ruzuku ya kufidia kilichofutwa. Ushuru wa mazao si jambo dogo katika nyanda hizi. Anayetaka kuuelewa akasimame Kibaigwa wakati wa mavuno, aone malori ya mahindi yakipanga foleni kando ya barabara kuu ya Morogoro. Kila gunia linalopita bila stakabadhi ni dawati ambalo mtoto fulani hatalikalia.

Kilichotuamsha kilikuja mwaka wa fedha 2004/05, ulipoanza mfumo wa ruzuku ya maendeleo ya serikali za mitaa. Kila halmashauri ilipimwa kwanza, na usimamizi wa fedha ulikuwa miongoni mwa vigezo. Iliyoshindwa ilikosa fedha za miradi. Kabla ya hapo hati chafu ya ukaguzi ilikuwa aibu ya Mkurugenzi na Mweka Hazina peke yao. Sasa diwani alijua kwamba zahanati ya kata yake inategemea usuluhisho wa benki ambao sisi hatujaufanya. Madiwani ambao zamani walisinzia taarifa ya fedha ikisomwa walianza kutuuliza ukurasa kwa ukurasa. Naamini maswali yao yalitunyoosha kuliko semina zote nilizohudhuria.

Mweka Hazina wa wakati ule alikuwa mzee mpole asiyependa maneno. Alinipa rejista ya vitabu vya stakabadhi na kunituma vijijini. Nilikwenda kwa pikipiki na kwa malori ya mkaa, nikilinganisha namba moja baada ya nyingine. Kitabu kimoja nilikikuta kimehifadhiwa vizuri kwenye sanduku la nguo la mjane wa mtendaji, na ndani yake hakuna senti iliyokosekana. Mama yule alisema marehemu mumewe alimwagiza asimpe mtu yeyote ila wa halmashauri. Kwa miaka yote tangu afariki, katika vitabu vyetu, marehemu alihesabiwa miongoni mwa wadaiwa. Tulilifuta jina lake kwenye orodha, na Mzee alimwandikia mama barua kwa mkono wake.

Kompyuta zilikuja kwa awamu. Mwaka 2012 mfumo wa kihasibu wa Epicor katika halmashauri ulisukwa upya na kuunganishwa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, hapa Dodoma. Ukitaka kulipa na kifungu hakina fedha, mfumo ulikataa. Sikuwa na sababu tena ya kugombana na bosi aliyetaka hundi ya haraka. Lakini mfumo uliijua fedha iliyokwisha kufika benki tu. Ya mnadani, iliyokuwa bado mfukoni mwa mkusanyaji, haukuwa na habari nayo, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ziliendelea kutaja vitabu visivyowasilishwa kwa wakaguzi. Mpaka mashine za kukusanyia mapato, za POS, zilipoingia mikononi mwa wakusanyaji, na baadaye namba za malipo ya serikali zikamwezesha mtu kulipa kwa simu, ndipo rejista yangu ilipoanza kuwa nyepesi.

Mwaka 2017 ukaja FFARS, mfumo wa hesabu za vituo vya huduma, na fedha zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na shule. Nilikuwa miongoni mwa waliofundisha. Mganga mfawidhi mmoja alishika kalamu kwa wasiwasi, akaniuliza kasma ni nini. Miezi michache baadaye nilipomtembelea, mapato na matumizi ya robo mwaka yalikuwa yamebandikwa ukutani, na mjumbe wa kamati ya kituo alikuwa akimbana kuhusu bei ya dawa zilizonunuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyeteuliwa na mkoa. Mganga alimjibu kwa ankara.

Wahasibu wasaidizi walioajiriwa wakati ule hawakutosha kila zahanati. Nimestaafu, ila hili bado nalidai kila ninapopata nafasi ya kusema: mganga anayezalisha akina mama usiku asiachiwe kufunga hesabu asubuhi peke yake. Apewe mtu wa vitabu, hata kama mtu huyo atahudumia kata nzima, na apewe nauli ya kuzunguka.