Mzigo Hauna Mdomo ila Rajamu

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya kufunga mizigo na kuitia alama. Najua kuna atakayesema, "Kufunga gunia nako kwahitaji kuandikwa gazetini?" Namjibu: kwahitaji, tena sana, manake hapa Kakuma kuna kina mama ambao karo ya watoto wao imo ndani ya gunia hilo.

Mimi ni Mbajuni wa Kismayu, au kama tusemavyo wenyewe Kisimayuu, yaani kisima cha juu. Baba yangu alikuwa akinunua samaki mkavu visiwani, Koyama, Chovai na Chula, akimpeleka Mombasa kwa jahazi. Mama na shangazi zangu walisuka makanda ya ukili. Mimi tangu nina miaka minane kazi yangu ilikuwa shazia: nashona midomo ya makanda yakishajaa papa na ng'onda.

Biashara ile ilikwenda na pepo. Kaskazi ikivuma, tangu Disemba hadi Machi hivi, majahazi yateremka Lamu na Mombasa. Kusi ikiingia ndipo yapanda kurudi kwetu. Basi mzigo ulioondoka Januari, pesa zake pengine huzioni mpaka miezi mitatu au zaidi. Baba hakuwa na simu, wala hakusafiri na mzigo. Nahodha alimkabidhi hamali, hamali akauingiza ghalani, na humo ghalani mna makanda ya watu kumi wengine, yote ya ukili, yote yanuka samaki. Sasa ni nini kitakachosema kwamba hili ni la fulani wa Kismayu? Ni rajamu peke yake.

Rajamu yetu ilikuwa ngazi ya vidato vitatu. Baba aliichora kwa masizi yaliyokorogwa na sifa, yale mafuta ya papa, ambayo maji ya bahari hayayafuti upesi. Alichora picha badala ya kuandika jina, kwa sababu mabaharia na mahamali wengi hawakusoma. Aliitia mbavu zote mbili na mdomoni, kwani hamali hatageuza kanda ili akutafutie jina lako. Chini yake aliweka vistari vya idadi. Orodha alifanya mbili zilizo sawa, moja ya nahodha, moja yabaki nyumbani ndani ya mkebe. Akitwambia, "Wanangu, mzigo ukivuka maji hauna mdomo ila rajamu."

Na jambo jingine alilolishika sana: samaki hafungwi wa moto. Akitoka juani aachwe kivulini apoe, manake ukimfunga na joto lake hutoa jasho ndani ya kanda, na wiki ya pili ni ukungu mtupu.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, vita vikatufikia, tukakimbia kwa mashua. Tulikaa kambi ya Jomvu, Mombasa, na kambi za pwani zilipofungwa miaka ile ya 1990 tukaletwa huku Turkana, bara kabisa, mbali na bahari.

Lakini ukili haukutuacha. Majani ya mkoma twanunua kwa wenyeji Waturkana, ambao nao ni wasukaji hodari. Kikundi chetu cha kina mama chasuka mikeka na vikapu. Mnunuzi mmoja wa Nairobi huviweka ghalani kwake, na anayeagiza hutumiwa kutoka hapo. Mzigo wa kwanza ulikuwa mikeka 64, ikafungwa magunia matatu, kila gunia limeandikwa jina la kikundi tu, kama tulivyoelekezwa. Kule ghalani ikapangwa fungu moja. Baada ya miezi miwili pesa zikaja za mikeka 51. Ile 13 haikuuzwa? Imelowa? Imepotea? Hakuna aliyeweza kujibu. Na lililokuwa baya zaidi, hatukujua ni mikeka ya nani. Kila mama aliapa kwamba wake umeuzwa. Wawili walioshirikiana mkeka mmoja wa kulalia tangu Jomvu wakaacha kuamkiana.

Hapo ndipo nikaitwa, wakajua kwamba mimi ni mtoto wa makanda. Niliwaambia kabla ya kutafuta mwizi tutafute alama.

Ghala silo duka la mtu akujuaye. Jamaa zetu waliokwenda Marekani watawaeleza. Kule Shakopee, Minnesota, kuna ghala la Amazon ambamo Wasomali wengi wamefanya kazi, na Disemba 2018 baadhi yao waliandamana nje wakidai mwendo wa kazi upunguzwe. Mtu wa namna hiyo, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, hana nafasi ya kukisia mkeka ni wa nani. Asoma kilichoandikwa, aweka, aenda. Usimwachie fumbo.

Kisha ukazuka mjadala wa pili, nao ulikuwa mkali kuliko wa pesa. Lebo iseme nini? Mnunuzi alitaka iandikwe "Kazi ya mkono wa mkimbizi", kwa sababu yauza. Mama mmoja wa makamo akasimama akasema, "Mimi nilijua kusuka kabla sijajua kukimbia." Tukanyamaza sote. Vijana nao wakataka tuandike "Kutoka Kismayu", ipendeze.

Mimi nilikataa hilo la vijana, na sababu yangu ni makaa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku makaa ya Somalia, maana pesa zake zilikuwa zikiwafaa Al-Shabaab. Makaa hayakuacha kutoka Kismayu. Wachunguzi wa Umoja huo waliandika kwamba yalisafiri na hati za uongo zikisema ni ya Komoro, na mwaka 2018 wakaeleza jinsi yalivyotiwa kwenye magunia meupe huko Iran, yameandikwa ni bidhaa ya Iran, kisha yakapelekwa Imarati. Miti ya kwetu ilikwisha, na juu ya gunia jina la kwetu halimo. Rajamu ya uongo yamfaa asiyetaka kuulizwa. Sisi twataka kuulizwa, na kulipwa.

Kwa hivyo tulikubaliana lebo iseme kweli yote: "Umesukwa Kakuma", kwa kuwa majani na kazi ni vya hapa, kisha jina la msukaji na kwao alikozaliwa. Mama mmoja ana sababu zake za kutotaka jina lake litembee. Yeye tumemwambia achague picha, akachagua mwezi. Ile namba ya kila msukaji mnunuzi ameikubali. Juu ya neno "mkimbizi" bado twavutana naye.

Utaratibu wetu sasa ni huu, na kikundi chochote chaweza kuufuata:

Kwanza, mkeka uanikwe, upoe, ndipo ukunjwe. Wa moto haufungwi.

Pili, kila mkeka una lebo yake ya kitambaa iliyoshonwa ukingoni kwa ndani: namba ya msukaji, jina au picha, urefu na upana. Karatasi hung'oka, kitambaa haking'oki.

Tatu, gunia lisizidi uzito ambao mama mmoja aweza kuuinua, na liandikwe pande mbili na mdomoni: gunia la 1 kati ya 4, la 2 kati ya 4, na kuendelea.

Nne, orodha tatu zinazofanana: moja ndani ya gunia, moja kwa dereva, moja yabaki kwetu. Dereva atie sahihi kabla hajawasha gari.

Mzigo wa pili ulikuwa mikeka 40. Ghala likatuandikia kwamba mitatu imeingia maji njiani, na namba zake wakazitaja. Siku hiyo hiyo tulijua ni ya nani, na kikundi kikagawana hasara kabla ya neno baya kutoka. Ile 13 ya kwanza mpaka leo haijulikani, na wale mama wawili hawajapatana. Anayewajua awaombee.

Kina mama na vijana wanaotaka kujifunza kushona lebo waje kila Jumatano baada ya alasiri penye banda la kikundi. Shazia tunazo mbili tu, mwenye yake aje nayo.

Mama wa makanda, Kakuma