Ladakh: Watawa Juu ya Mwamba, Akina Mama Bondeni

Kaskazini kabisa mwa India, nyuma ya mgongo wa milima ya Himalaya, iko nchi kavu iitwayo Ladakh. Wengi wetu tukisikia Himalaya tunafikiria misitu na theluji kila mahali. Ladakh si hivyo. Mvua na theluji inayoanguka mjini Leh, mji mkuu wake, ni kama milimita 100 kwa mwaka mzima. Kwetu Mbeya kiasi hicho huweza kunyesha katika majuma machache ya mwezi wa Januari. Milima ni mitupu, ya rangi ya kahawia, kijivu na zambarau. Halafu ghafla, pale kijito kinaposhuka kutoka kwenye barafu za vileleni, unaona kipande cha kijani: mashamba ya shayiri, miti ya aprikoti, na nyumba nyeupe zenye paa bapa. Juu ya kijiji, kwenye mwamba, kuna nyumba ya watawa wa Kibuddha. Wenyeji huiita gompa.

Tulikwenda huko mwezi wa Julai, mimi, baba watoto, na kijana wetu aliyekuwa anamaliza masomo India. Waandishi wa safari huandika sana juu ya gompa na vilele. Vipo kweli, nami nitavieleza. Lakini mimi nilitazama kwa jicho la mama mwenye nyumba, na swali lililonikaa moyoni tangu siku ya kwanza ni hili: watu wote hawa wenye mavazi mekundu huko juu mwambani, anawalisha nani?

Kwanza niseme habari ya afya, maana hapa akina mama wengi wangeumia. Leh iko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kidogo tu ya kambi ya Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba Horombo unafika kwa miguu, siku ya pili ya safari, lakini Leh ndege inakufikisha kutoka Delhi kwa muda wa saa moja na kitu. Mwili haujajiandaa. Kichwa kinauma, chakula hakipandi, usingizi unakatika. Dawa yake kubwa ni kutulia: siku mbili za kwanza usipande hata ngazi za soko bila sababu, kunywa maji, kula kidogo kidogo. Ukiona mwenzako anayumba, anachanganyikiwa, au anahema hata akiwa amekaa, ashushwe chini bila kungoja asubuhi, maana ugonjwa huu huua. Mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Baba watoto, ambaye nyumbani hakubali kupumzika hata Jumapili mchana, alilala siku mbili nzima bila kuambiwa.

Gompa ya kwanza tuliyokwenda ni Thiksey, kilomita 19 hivi kutoka Leh. Imejengwa ngazi kwa ngazi kwenye kilima, vyumba vyeupe vikipandana mpaka juu kwenye majengo mekundu na ya njano. Ndani kuna sanamu ya Maitreya, Buddha ambaye wao wanaamini atakuja siku za mbele, yenye urefu wa mita 15 hivi, ikipita ghorofa mbili. Tulifika alfajiri. Watawa wawili walipiga baragumu ndefu juu ya paa, kisha wenzao wakaketi kwa safu na kuanza sala. Watoto waliovaa kama watawa, wengine umri wa wanafunzi wetu wa darasa la pili, walikuwa wakikimbia na mabirika ya chai na kujaza vikombe.

Huenda mwenzangu ataniuliza, mama Mkristo uliingiaje humo? Niliingia kama mgeni anavyoingia nyumba ya watu. Nilivua viatu, nilikaa pembeni, sikupiga picha, na nilipozunguka nilifuata upande wanaoufuata wao, mkono wa kulia ukielekea vitu vyao vitakatifu. Kusali nilisali kwangu moyoni.

Hemis, kilomita kama 45 kutoka Leh, ni ya karne ya 17 na inajulikana kwa sherehe yake ya Juni au Julai, watawa wanapocheza wamevaa vinyago. Kila baada ya miaka 12 hutandazwa ukutani picha kubwa sana ya kitambaa iliyopambwa kwa uzi na lulu. Lakini mimi nilipenda zaidi Alchi. Hiyo haiko mwambani. Iko chini, karibu na mto Indus, katikati ya miti ya aprikoti, na kwa nje utadhani ni ghala. Ndani kuta zimejaa michoro ya miaka mingi sana, 800 hivi, iliyochorwa kwa mkono mwepesi ajabu. Nguo zilizochorwa pale zina mapambo madogo madogo ambayo mshonaji angekaa nayo siku nzima.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Tangu zamani familia za Ladakh zilitoa mtoto mmoja wa kiume awe mtawa. Alipokuwa huko, nyumba yake iliendelea kumpelekea unga wa shayiri, siagi na kuni. Gompa ilikuwa na mashamba, na mashamba hayo yalilimwa na wanakijiji. Kila taa ya siagi inayowaka mbele ya sanamu, kuna mwanamke aliyekamua na kusukasuka maziwa. Kila kikombe cha chai pale Thiksey kilikuwa na siagi hiyo hiyo, pamoja na chumvi badala ya sukari. (Ukikiita chai utakichukia. Ukikiita supu, kinapita vizuri.)

Ardhi ni ndogo kwa sababu maji ni machache, kwa hiyo walikuwa na desturi itakayowashangaza wengi: ndugu wa kiume wawili au watatu walioa mke mmoja, ili shamba lisigawanywe. Sheria ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1941. Mimi sitatoa hukumu juu ya mambo ya wakwe zangu wala ya wakwe za watu. Ila hesabu yake inaeleweka: kama ndugu watatu wana mke mmoja, basi wako wasichana waliobaki bila ndoa. Baadhi yao walikuwa watawa wa kike. Nao, mama mwenzangu, hawakukaa mwambani wakipelekewa siagi. Wengi walibaki kwenye nyumba za ndugu zao wakilima, wakilea watoto wa wengine na kuuguza wazee, bila mafundisho ya dini wala mahali pao wenyewe. Mwaka 1996 mmoja wao, Tsering Palmo, aliyesomea tiba ya asili ya Kitibeti, alianzisha Chama cha Watawa wa Kike wa Ladakh ili wapate elimu na makazi. Leo wako watawa wa kike wanaotibu wagonjwa vijijini.

Urithi wa mama nao wanao. Kuna vazi la kichwani liitwalo perak, la ngozi lililoshonewa mawe ya feruzi safu kwa safu, pana mbele, likiteremka mgongoni. Mama humpa binti yake mkubwa. Tuliona mabibi wamelivaa, na uzito wake si wa mchezo, lakini shingo zao zilikuwa zimenyooka kuliko za sisi tuliovaa vitambaa.

Jumapili ilitukuta Leh, na hapo nilipata mshangao. Sokoni karibu kuna kanisa la Moravian! Sisi wa nyanda za juu kusini tunajua kwamba Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Leh walifika mwaka 1885, miaka sita kabla. Waliotangulia walitaka kwenda Mongolia, njia ikafungwa, wakabaki milimani. Mmoja wao, Jäschke, alianza kutafsiri Biblia kwa Kitibeti mwaka 1857. Biblia nzima ilichapwa mwaka 1948, baada ya mwenyeji aliyeitwa Yoseb Gergan kuimaliza. Karibu miaka 90! Waumini ni wachache hata leo, lakini shule waliyoianzisha inapendwa na watu wa dini zote. Tena inasimuliwa kwamba ni wake wa wamisionari waliowafundisha akina mama wa Ladakh kufuma soksi kwa sindano. Ukipita sokoni Leh jioni utawakuta wanawake wauza mboga wamekaa nyuma ya karoti na turnipu zao, na mikono haitulii: wanafuma.

Tulipozoea hewa tulikwenda kwa miguu hadi Rumbak, kijiji kidogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hemis, karibu mita 4,000. Wenye nguvu huendelea siku kadhaa mpaka bonde la Markha, wakivuka njia za juu za mita 5,000 hivi. Sisi tulitosheka na saa tatu za kupanda taratibu kando ya kijito. Rumbak hakuna hoteli. Wageni hulala kwenye nyumba za wenyeji kwa zamu, nyumba hii leo, ile kesho, ili asiwepo mmoja anayekula peke yake. Mpango huu ulianza miaka ya 2000, kwa sababu ya chui wa theluji. Walikuwa wakiingia zizini na kuua kondoo wengi usiku mmoja, na watu wakawaua kwa hasira. Siku hizi wageni huja kumtafuta chui huyo huyo, fedha inafika jikoni, na sehemu yake huwekwa kwenye mfuko wa kijiji.

Mwenyeji wetu tulimwita Ama-le, yaani mama kwa heshima. Jikoni kwake ndiko sebuleni: jiko kubwa la chuma katikati, samadi iliyokaushwa ikiwaka ndani yake, na ukutani vyombo vya shaba vimepangwa kwa ukubwa viking'aa kama vya bibi harusi. Alitupikia skyu, unga wa ngano uliobonyezwa kwa kidole gumba na kuchemshwa na mboga. Choo kiko ghorofani, tundu tu, na pembeni rundo la udongo na koleo. Ukimaliza unamwaga udongo. Hakuna harufu, hakuna tone la maji, na masika yakifika yote hupelekwa shambani. Nikafikiria mashimo yetu.

Kijana wetu alitutafsiria kwa Kihindi chake. Ama-le alisema fedha ya wageni anaipokea yeye mwenyewe mkononi, nayo ndiyo inayomlipia binti yake masomo mbali, nje ya Ladakh. Nikamwuliza, akimaliza atarudi? Akasema, "Nyumba hii nimeipokea kwa mama mkwe wangu. Sijui nitamkabidhi nani." Kisha akauliza kama mimi ninaye wa kumkabidhi, na baba watoto akacheka kabla sijajibu.

Shida nyingine aliyoitaja ni maji. Barafu za vileleni zinapungua, na shayiri inahitaji maji Aprili na Mei, kabla barafu ya juu haijayeyuka vya kutosha. Sehemu nyingine za Ladakh wamebuni dawa: wakati wa baridi maji ya kijito huletwa kwa bomba, yakarushwa hewani usiku, yakaganda na kuwa mlima mdogo wa barafu wenye umbo la pia iliyopinduliwa. Huyeyuka polepole wakati wa kupanda. Mhandisi Sonam Wangchuk alianza kazi hiyo mwaka 2013. Tena maji yakizidi ni balaa: usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010 mvua kubwa iliangukia Leh, na matope yakaua watu zaidi ya 200.

Mandhari mengine nitayataja kwa haraka. Barabara ya Khardung La hupita mita 5,359, juu kuliko kilele cha Mlima Kenya, nawe umekaa ndani ya gari. Usishuke ukakimbilia picha. Ng'ambo yake, bonde la Nubra lina mchanga na ngamia wenye nundu mbili. Ziwa Pangong ni la maji ya chumvi, na rangi yake ya buluu hubadilika kila saa. Kote huko mgeni wa nje ya India anahitaji kibali, kwa kuwa mpaka wa China uko jirani. Kibali huandaliwa na mawakala wa safari mjini Leh, kwa hiyo beba pasipoti na nakala zake.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Beba sweta hata Julai, mafuta ya midomo, kofia pana na chupa ya maji ya kujaza tena. Salamu ni moja tu, "Jule", nayo hutosha kwa hujambo, asante na kwaheri. Na ukilala vijijini, ukitosheka na chai funika kikombe kwa kiganja, la sivyo Ama-le ataendelea kujaza.