Choo Kinalipuka: Tafsida, Ghadhabu na Wajibu wa Raia

Ndugu msomaji, miongoni mwa tamathali za semi tunazofundisha darasani, sijui kama ipo inayotawala maisha yetu kuliko tafsida. Kwetu mtu hafi, huaga dunia. Haendi chooni, huenda msalani. Mfanyakazi hafukuzwi, hupumzishwa. Mimi mwenyewe naipenda tafsida na huwahimiza wanafunzi wangu waienzi, kwa kuwa ulimi usio na stara huumiza watu bila sababu. Hata hivyo, lipo swali ambalo kila raia hana budi kujiuliza: ni wakati gani stara ya ulimi hugeuka kuwa pazia la kufichia uozo?

Leo nitalijadili swali hilo kwa kupitia mlango usio wa kawaida katika ukurasa huu, yaani albamu ya muziki wa panki kutoka Ufini, iliyotolewa mwaka 1983. Bendi yenyewe inaitwa Rattus, neno la Kilatini ambalo wanasayansi hulitumia kutaja jenasi ya panya. Albamu inaitwa "WC räjähtää". Maana yake, pasipo tafsida yoyote, ni Choo Kinalipuka.

Niliipata kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anasomea uuguzi nchini humo. Aliniandikia hivi: "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea kitu ambacho kitakukera." Niliisikiliza usiku, nikiwa na rundo la insha za kusahihisha mezani, na kwa kweli ilinikera. Ngoma zinakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Gitaa linanguruma mfululizo kama mashine ya kusaga mahindi. Mwimbaji haimbi, anapaza sauti mpaka inakaribia kupasuka. Hakuna utangulizi wala kiitikio cha kubembeleza. Nyimbo ni fupi, na moja ikiisha nyingine imekwisha kuanza.

Niliisikiliza mara ya pili kwa sababu ya ukaidi tu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kile nilichokiita kelele kina utaratibu. Vyombo vyote husimama kwa pamoja katikati ya kasi ile, hunyamaza kwa kitambo kisichozidi pumzi moja, kisha huanza tena kwa pamoja. Jambo hilo halitokei kwa bahati. Huhitaji mazoezi, kusikilizana, na kila mmoja kujua mwenzake yupo wapi. Nikajiuliza: vijana hawa, katika nchi yenye amani, shule na maziwa mengi ya kuogelea, walikuwa na ghadhabu ya nini?

Ili kulijibu, yatupasa tuijue nchi yao. Ufini ilijitangazia uhuru kutoka kwa Urusi tarehe 6 Desemba 1917. Miezi michache baadaye wananchi wenyewe kwa wenyewe wakapigana vita vya mwaka 1918, na mstari wa mbele ukapita Vilppula, mji mdogo wa misitu na maziwa ambako Rattus ilianzia miaka sitini hivi baadaye. Kisha ikaja Vita ya Majira ya Baridi, mwaka 1939, Umoja wa Kisovieti ulipoivamia nchi hiyo. Kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Pili, Ufini ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya jimbo la Karelia, na zaidi ya watu 400,000 walikuwa wameyahama makazi yao. Uhuru ulisalia, lakini jirani mkubwa alibaki palepale, ng'ambo ya mpaka wenye urefu wa takriban kilomita 1,300.

Mwaka 1948 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa urafiki, ushirikiano na kusaidiana. Jina la mkataba ni zuri, na manufaa yake hayakuwa madogo: Ufini haikukaliwa na jeshi la kigeni kama ilivyokuwa kwa mataifa mengi ya Ulaya ya Mashariki, ilifanya chaguzi zake, ikajenga uchumi wake. Lakini amani hiyo ilikuwa na masharti yasiyoandikwa. Wahariri walijifunza kupima maneno. Wanasiasa walijifunza kutolikemea jambo ambalo Moscow ingelichukia. Wajerumani wa Magharibi wakabuni hata neno la kuieleza hali ya nchi ndogo kuuchunga ulimi wake kwa ajili ya jirani mkubwa, na neno hilo wakaliunda kutokana na jina la Ufini.

Tazama pia upande wa utawala. Rais Urho Kekkonen aliingia madarakani mwaka 1956. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria maalumu iliyomwongezea miaka 4 bila kupigiwa kura. Alibaki Ikulu mpaka maradhi yalipomlazimisha kujiuzulu mwaka 1981. Wengi walimheshimu kwa dhati, wakiamini kwamba yeye ndiye aliyejua namna ya kuzungumza na jirani, na huenda walikuwa na sababu. Lakini fikiri habari ya kijana aliyezaliwa mwaka 1960. Alizaliwa, akasoma, akamaliza shule, akaitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, na katika muda huo wote neno "rais" na jina la mtu mmoja vilikuwa kitu kimoja masikioni mwake. Mwaka 1991 Wafini waliirekebisha Katiba yao ili rais asizidi mihula miwili mfululizo. Sidai kwamba muziki wa panki ndio ulioleta mabadiliko hayo. Nasema tu kwamba kizazi kilicholelewa katika utulivu wa namna hiyo kilikuwa na mengi kooni.

Juu ya hayo kulikuwa na hofu ya dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakuu wa dunia walikuwa wakijadili uwezekano wa kupigana vita vya nyuklia ambavyo vingeishia katika eneo moja tu, na eneo lililokuwa likitajwa ni Ulaya. Msamiati wa kijeshi ulikuwa safi kabisa: vita "vyenye mipaka". Ndugu msomaji, je, kuna tafsida kubwa kuliko hiyo? Mamilioni ya watu wateketee, nawe uite jambo hilo mipaka! Rattus waliuchukua msemo huo kama ulivyo, wakaufanya kuwa jina la rekodi yao ndogo ya mwaka 1982, "Rajoitettu ydinsota", yaani Vita vya Nyuklia Vyenye Mipaka. Hawakuongeza neno. Walilitoa neno katika chumba chenye zulia, wakalipigia ngoma hadharani, na watu wakasikia lilivyo tupu.

Jambo lililonigusa zaidi kama mwalimu wa lugha ni kwamba waliyasema hayo kwa Kifini. Mtindo wa muziki waliuazima Uingereza, kwa bendi kama Discharge ya Stoke-on-Trent, lakini ulimi hawakuuazima. Kifini kina wasemaji takriban milioni 5 tu. Kwa karne nyingi kilikuwa lugha ya wakulima, huku Kiswidi kikiwa lugha ya serikali na wasomi. Ni amri ya mwaka 1863 iliyofungua njia ya Kifini kukubaliwa ofisini na mahakamani. Kwa muundo, lugha hiyo ina mambo ambayo Mswahili huyaelewa upesi. Hubandika viambishi: "talo" ni nyumba, na neno moja "talossani" lina maana ya ndani ya nyumba yangu. Haimbagui mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu: "hän" ni "yeye" yetu. Tofauti ni kwamba mkazo wa Kifini huangukia silabi ya kwanza ya neno, ilhali wetu huangukia ile ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kila neno la Kifini huanza kwa pigo, na pigo hilo hukutana na ngoma. Nadhani sehemu ya nguvu ya albamu ile inatokana na sarufi.

Je, lugha ndogo iliwafungia ndani? La hasha. Rekodi za Kifini zilisafiri kwa posta, kaseti zikanakiliwa, vijarida vya kurasa chache vikapita mkono kwa mkono, mpaka zikafika São Paulo nchini Brazili, ambako wanajeshi walikuwa wakitawala tangu mwaka 1964. Wapo vijana wa huko waliopenda sana panki ya Kifini, wakiwamo wa bendi ya Ratos de Porão, ambayo mwaka 1984 ilitoa albamu yake ya kwanza kwa Kireno. Jina lao nalo lina maana ya panya wa chumba cha chini ya nyumba. Panya wa Vilppula na panya wa São Paulo hawakuwa na lugha moja, lakini walielewana. Wabrazili hawakuiga Kifini. Walijifunza kwamba wao pia waweza kukasirika kwa lugha ya mama zao.

Hapa nageukia kwetu Uganda. Unajua jinsi wazee wengi nchini mwetu walivyokikwepa Kiswahili kwa miaka mingi, kwa kuwa walikisikia kwanza kikitoka kinywani mwa askari. Ilikuwa lugha ya kuamrishwa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, nami nikafurahi. Lakini lugha haiwi ya wananchi kwa sababu tu imetiwa katika ratiba. Huwa yao siku wanapoweza kuitumia kulalamika, si kupokea amri pekee.

Nina mfano wa karibu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu katika shule niliyopata kufundisha alitunga shairi la kusomwa siku ya wazazi. Lilikuwa tarbia kamili, vina na mizani vimetimia. Lilihusu vyoo vya wasichana: mashimo yaliyojaa, mlango uliong'oka bila kurudishwa, na wenzake waliokosa masomo siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa mahali pa kujisitiri. Kamati ya maandalizi ililikataa kwa hoja kwamba halina staha mbele ya wageni, ikashauri aandike kuhusu "mazingira ya shule". Msichana akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, nikisema mazingira, mzazi atajua kwamba ni choo?"

Nililitetea shairi hilo katika kikao cha walimu, na nikashindwa kwa kura. Halikusomwa. Mwandishi wake alilibandika kwenye ubao wa darasa, mahali ambapo wazazi hupanga foleni kuchukua ripoti za watoto. Mama mmoja alilisoma, akamwita mwenziwe naye alisome. Mkutano wa wazazi ulipoanza, swali la kwanza halikuwa juu ya karo. Muhula uliofuata mashimo mapya yalichimbwa. Neno lililotakiwa kufichwa kwa adabu ndilo lililowafikia wenye uwezo wa kutenda.

Najua utasema, msomaji mpendwa, kwamba kelele si hoja, na kwamba anayetukana hadharani hajengi nchi. Nakubaliana nawe. Mabavu nayo hupiga kelele, na yapo majukwaa ambako matusi huitwa ujasiri. Ndiyo maana naona ni muhimu kuzipima sauti kali kabla ya kuzikubali au kuzikataa. Je, msemaji ametaja jambo lenyewe kwa jina lake, au amemtukana mtu tu? Je, amesema kwa lugha ambayo wahusika wanaielewa? Je, amejitaabisha kuitengeneza kauli yake, au amemwaga tu kilichomjaa? Rattus waliyatimiza hayo kwa mazoezi ya pamoja, na msichana yule kwa mizani kumi na sita katika kila mshororo. Ghadhabu yenye umbo huweza kusikilizwa hata na asiyeipenda.

Ibara ya 29 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inatambua uhuru wa kila mtu wa kusema na kujieleza. Walimu huwafanya wanafunzi waikariri kwa ajili ya mtihani. Ningependa tuwape pia nafasi ya kuitumia wakiwa bado mikononi mwetu, juu ya mambo madogo wanayoyajua kuliko sisi: uji wenye wadudu, dawati lililovunjika, choo kilichojaa. Mtoto aliyezoea kuambiwa atafute neno laini zaidi kila anapotaja tatizo atakuwa mtu mzima anayesaini taarifa laini, na huenda siku moja akakaa katika ofisi ambamo ulaini huo unagharimu maisha ya watu.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu mwenzangu unayenisoma, wiki hii jaribu zoezi hili. Wape wanafunzi wako orodha ya tafsida kumi kutoka katika matangazo ya shule, gazeti au hotuba, kisha waambie waandike chini ya kila moja neno ambalo bibi yao angelitumia. Wasome kwa sauti. Ukitaka, waruhusu wapige meza. Halafu keti nao mjadili ni tafsida zipi zinalinda utu wa mtu, na zipi zinamlinda asiyetimiza wajibu wake.