Jembe la Mama Mkwe

Ukifika Mbinga mwezi wa Machi, tazama milimani. Miteremko yote imejaa mashimo yaliyopangika kama sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro za Wamatengo. Baba hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Mama huchimba udongo wa katikati na kuyafukia, kisha hupanda maharage juu ya matuta. Shimo hushika maji ya mvua na udongo hauporomoki.

Kazi hiyo yote ni ya jembe. Mwaka huu nilikwenda kumsaidia mama mkwe, nikanunua jembe jipya la kutoka nje, linang'aa rangi. Shimo la nne tu, likagonga jiwe na kujikunja kama bati. Mama akacheka, akanipa lake.

"Chukua hili, mwanangu. Hili ndilo lililowasomesha wanangu."

Limelika hadi limebaki upana wa kiganja, lakini bado linakata. Anasema lilitoka Mbeya, kwenye kiwanda cha Zana za Kilimo. Wakati huo Ubungo, Dar es Salaam, nako kulikuwa na kiwanda cha zana kilichojengwa kwa msaada wa China. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, majembe ya nje ya bei nafuu yalijaa madukani, na viwanda vyetu vikazidiwa.

Jumamosi tuliteremka Mbamba Bay kununua dagaa. Nikiwa ufukweni nilitazama kaskazini. Ukifuata ziwa upande huo unafika Ludewa, kwa Wapangwa, ambao zamani walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Huko huko ndiko uliko mlima wa Liganga wenye chuma tele. Sisi tunaokaa jirani na chuma hicho tunanunua majembe yaliyovuka bahari!

Karibu na soko tulimkuta mhunzi anayefua majembe kwa springi kuukuu za lori. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya dukani. Nikasita. Mama mkwe akaligonga moja kwa jiwe, akasikiliza mlio wake, akatikisa kichwa kukubali.

"La dukani utalinunua kila mwaka," akasema. "Hili utamwachia mkweo."

Nikalipa.