Afisa elimu mpya tumpime kwa lipi?

Kila anapoletwa afisa elimu mpya wilayani, sisi waandishi tunayo habari ambayo imeshajiandika yenyewe. Kichwa chake ni "Afisa elimu mpya aahidi kupandisha ufaulu." Ndani kuna asilimia ya mwaka uliopita, kuna asilimia anayoahidi, kuna onyo kwa walimu wakuu "wanaofanya kazi kwa mazoea," halafu picha ya kupeana mikono na mkurugenzi. Baada ya miaka miwili mitatu anahamishwa, anakuja mwingine, tunabadilisha jina na picha. Habari ni ile ile.

Sasa nauliza, ndugu zangu, huyu mtu tunamwajibishaje? Maana kumwajibisha ndiyo kazi tunayojisifia nayo. Na kama kipimo chetu ni ile asilimia moja tu ya mtihani wa darasa la saba, basi ngoja niwasimulie ya Atlanta, kule jimbo la Georgia, Marekani. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila nikiisoma naona sura za watu ninaowafahamu.

Marekani shule za umma ziko chini ya wilaya za elimu, na kila wilaya ina bodi, ambayo aghalabu huchaguliwa kwa kura na wananchi. Bodi ndiyo inayomwajiri mkuu wa elimu, ndiyo inayompa mkataba, ndiyo inayomfukuza. Mwaka 1999 bodi ya Atlanta ilimwajiri mama mmoja mzaliwa wa Jamaica, Dk. Beverly Hall, aliyetoka kuongoza shule za Newark. Alikabidhiwa wilaya yenye wanafunzi kama 50,000, wengi wao watoto weusi wa familia maskini. Alikuja na neno moja tu, matokeo. Kila shule ikapewa lengo lake la mwaka. Mwalimu mkuu asiyefikia lengo ndani ya miaka mitatu ajue safari imemkuta, na kweli katika uongozi wake takriban asilimia 90 ya walimu wakuu walibadilishwa. Mwenyewe naye mkataba ulimpa bonasi alama zikipanda. Alama zilipanda. Kwa miaka yake yote pale alilipwa bonasi za zaidi ya dola 500,000.

Kila mwaka wafanyakazi wa wilaya nzima walikusanywa uwanja wa ndani wa Georgia Dome. Shule zilizofikia malengo zilikaa chini pale uwanjani, karibu na jukwaa, zikishangiliwa. Zilizoshindwa zilipelekwa juu kwenye ngazi za watazamaji. Mkicheka, mkumbuke kwamba kwetu kuna mikutano ya tathmini ya elimu ambako shule iliyoshika mkia hukabidhiwa kinyago mbele ya hadhara, mwalimu mkuu akakipokee kwa mikono miwili. Watu ni wale wale kila mahali.

Mwaka 2009 chama cha wakuu wa elimu cha Marekani kilimtangaza Dk. Hall kuwa mkuu wa elimu bora wa mwaka nchi nzima. Lakini tangu mwishoni mwa 2008 gazeti la mji huo, Atlanta Journal-Constitution, lilikuwa limeanza kuuliza swali la kitoto kabisa: inawezekanaje shule ikapanda kiasi hiki ndani ya muda mfupi namna hii? Hapakuwa na mtu wa ndani aliyewanong'oneza, walichukua takwimu ambazo kila mtu alikuwa nazo, wakapiga hesabu. Ofisi ya elimu ikakanusha. Wafanyabiashara wakubwa wa mji wakamkingia kifua mama yao, kwa sababu mji wenye shule nzuri huvuta wawekezaji.

Mapema mwaka 2010 jimbo likatoa uchambuzi wa karatasi za majibu za mtihani wa 2009. Mashine zinaweza kuona mahali palipofutwa. Na ikaonekana kuna madarasa ambayo majibu yaliyofutwa yakabadilishwa kutoka kosa kuwa sahihi yalikuwa mengi kupita kiasi ambacho bahati inaweza kueleza. Gavana akateua wachunguzi. Ripoti yao ilitoka Julai 2011: kati ya shule 56 walizochunguza, 44 zilikuwa na udanganyifu. Walimu na viongozi wa shule 178 walitajwa, 38 kati yao walimu wakuu, na watu zaidi ya 80 walikiri. Kuna shule ambayo walimu walikusanyika wikiendi nyumbani kwa mwenzao kufuta na kujaza upya majibu ya watoto, kama watu wanaosaidiana kuchambua mchele wa harusi.

Mwaka 2013 watu 35, pamoja na Dk. Hall, walifunguliwa mashitaka kwa sheria ile inayotumika kuwakamata wahuni wa magenge. Aprili 2015, kati ya 12 waliofika mwisho wa kesi, 11 walikutwa na hatia. Yeye hakusimama kizimbani. Alifariki kwa saratani Machi mwaka huo, na hadi mwisho alikana kuwa aliamuru au alijua.

Kuna jambo moja ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki hulipita haraka, nami sitalipita. Shule ya kati ya Parks ilikuwa mojawapo ya zile zilizosifiwa kwa kupanda. Kwa kuwa kwenye karatasi ilionekana imepona, ilipoteza fedha za msaada zinazotolewa kwa shule dhaifu, dola zipatazo 750,000. Mtoto asiyejua kusoma alipewa alama za mtoto anayejua, halafu akanyimwa mwalimu wa ziada kwa sababu ya alama hizo hizo. Walimu wakafungwa, kiongozi akafariki, magazeti yakapata tuzo. Yule mtoto akaenda darasa la mbele hivyo hivyo.

Na lingine, la haki kwa marehemu. Marekani kuna upimaji wa taifa unaoitwa NAEP, unaofanywa kwa sampuli ya wanafunzi, hauna bonasi wala adhabu kwa mwalimu, kwa hiyo hakuna anayesumbuka kuuiba. Kwenye upimaji huo nao Atlanta ilipanda katika miaka ya Dk. Hall. Kwa hiyo huenda kulikuwa na kazi ya kweli iliyofanyika ndani ya uongo ule. Ila nani sasa angeweza kutenganisha chuya na mchele?

Mtaniambia hayo ni ya Wamarekani. Sawa, turudi nyumbani. Septemba 2018 watoto wetu walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Oktoba mwanzoni Baraza la Mitihani likatangaza kufuta matokeo ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na shule nyingine kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa. Hiyo ilikuwa halmashauri nzima. Kwa maelezo ya Baraza, mpango wa Chemba ulihusisha maofisa wa elimu wenyewe na waratibu elimu kata, na walikuwa wanawasiliana kwenye kundi la WhatsApp. Tarehe 8 Oktoba watoto wakarudishwa madarasani kufanya mtihani upya. Fikiria mtoto wa miaka 13 ambaye hakuiba chochote, anaambiwa arudie kwa sababu wakubwa wake walitaka asilimia.

Nayasema haya kwa sababu presha ya Atlanta na presha ya kwetu ni ndugu. Mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulileta kupanga shule kwa rangi, kijani, njano na nyekundu. Ulikuja baada ya msiba wa kidato cha nne cha 2012, pale ambapo watahiniwa sita kati ya kumi walipata sifuri, kwa hiyo hasira ilikuwa halali. Mwaka mmoja kabla ya msiba huo kutangazwa wizara yenyewe ilikuwa imekiri kwamba maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walifaulu darasa la saba! Mwaka 2023 Baraza likaacha kutangaza shule kumi bora, na mimi nililipongeza. Lakini ndani ya wilaya hakuna kilichokoma. Orodha inabandikwa ofisini, kata ya kwanza hadi ya mwisho, na afisa elimu kata wa mwisho anajua maana yake.

Kwa hiyo tusimwajibishe? Hapana, sijasema hivyo. Tumwajibishe kwa yale yaliyo mkononi mwake, tena kwa ukali.

Afisa elimu wa wilaya hapa kwetu si mkuu wa elimu wa Atlanta. Hapigiwi kura wala haajiriwi na bodi iliyopigiwa kura. Anawajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri, nyuma yake kuna TAMISEMI, na sera anazipokea kutoka Wizara ya Elimu. Haajiri walimu. Ruzuku ya shule haipangi yeye. Ile shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ilikuwepo tangu MMEM ya 2002, na ikarudiwa hivyo hivyo kwenye elimu bila malipo iliyoanza 2016, kama vile chaki haijapanda bei. Kumlaumu kwa hilo ni kumwonea.

Lakini kuna ikama. Kuwapanga walimu ndani ya wilaya ni kazi ya ofisi yake na ya mkurugenzi wake, na hapo ndipo ningeanza. Nenda shule yoyote ya karibu na makao makuu ya wilaya, yenye lami na umeme, uhesabu walimu. Halafu panda bodaboda saa mbili uende shule ya mwisho kwenye ramani uhesabu tena. Mwalimu aliyemfuata mume mjini, mwalimu mwenye shemeji ofisini, mwalimu mgonjwa wa kweli na mgonjwa wa makaratasi, wote wako mjini. Kule mwisho kuna watatu kwa madarasa saba. Afisa elimu mpya akiondoka baada ya miaka mitatu na tofauti hiyo iko vile vile, asilimia yake ya ufaulu hainihusu hata kidogo.

Kisha kuna watoto wanaopotea. Waliosajiliwa darasa la kwanza mwaka 2018 ndio waliotakiwa kukaa mtihani wa darasa la saba mwaka 2024. Wangapi walianza, wangapi walifika? Asilimia ya ufaulu huhesabiwa kwa waliokaa kwenye mtihani tu. Mtoto mzito akikaririshwa, akichoka, akaenda kuchunga au akaja mjini kufanya kazi za ndani, anatoka kwenye hesabu, na asilimia inapanda kwa sababu ya kutoka kwake. Kwa lugha nyingine, wilaya inaweza kupongezwa kwa kupoteza watoto. Hii haihitaji kuiba mtihani wala kundi la WhatsApp, ni ya kimya kimya na mtu hafungwi.

Na mwaka wa kwanza jamani tusimhesabie. Afisa aliyeripoti Julai hana alichokifanya kwenye mtihani wa Septemba, awe amefaulisha au amefelisha. Tunachopaswa kumdai mwaka wa kwanza ni picha ya wilaya aliyoikuta, imeandikwa na imesainiwa: walimu wako wapi, darasa la pili wangapi wanasoma aya moja bila kukwama, vyoo vingapi vinafungwa mlango. Hapo akija kutuambia miaka mitatu baadaye kwamba amepandisha, tutakuwa na cha kulinganisha ambacho si kumbukumbu yake mwenyewe. Sijawahi kuona afisa anayefanya hivyo kwa hiari. Sijawahi pia kuona mwandishi anayeidai, tuseme ukweli, tunakula chai ya kikao tunaondoka na hotuba.

Atlanta yenyewe bado inahangaika na swali hili. Mama aliyeajiriwa 2014, Meria Carstarphen, alianzisha msaada maalumu kwa watoto walioathiriwa na udanganyifu ule na idadi ya wanaomaliza sekondari ilipanda, lakini 2019 bodi ilikataa kumwongezea mkataba na wazazi wengi wakabaki wanauliza kwa nini. Angalau walikuwa na mtu wa kumuuliza, na mlango wa kura wa kuingilia. Sisi afisa wetu akihamishwa usiku, diwani anaambiwa asubuhi.

Kwa hiyo kwenye wilaya ninayoandikia, ambako afisa mpya ameripoti karibuni, nimeamua kuiacha ile habari iliyojiandika yenyewe. Nimeanza na madaftari ya uandikishaji ya darasa la kwanza la 2018, shule kwa shule. Shule ya kwanza niliyokwenda, mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, kisha akaniambia bila kibali cha mkurugenzi hawezi kunifungulia kabati. Barua nimeipeleka masijala na imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jumatatu nitapita tena kuuliza imefika meza gani.